Sinia la Dawa la Bi Somoe

Siku yangu ya kwanza kazini katika chumba cha dawa cha hospitali ya Mtwara niliimaliza nje ya chumba cha dawa. Nilikuwa nimeshuka melini jana yake, msichana wa Kibena kutoka Njombe, mwenye cheti kipya cha msaidizi wa dawa na gauni jeupe nililolipiga pasi ya mkaa mpaka likasimama lenyewe. Nilitarajia nikabidhiwe mizani. Mfawidhi wa Chumba cha Dawa, mzee wa Kimakua ambaye mkono mmoja wa miwani yake ulikuwa uzi, alinitazama, akanionyesha benchi la wagonjwa barazani.

"Kaa pale," alisema.

"Nifanye nini, Bwana Mfawidhi?"

"Sikiliza. Watakayonieleza mimi dirishani ni nusu. Nusu ya pili wanaambiana wenyewe."

Nilikasirika, sitaficha. Nilitoka mbali kuja kukalishwa benchi pamoja na wenye mafua! Lakini nilikaa, na mpaka leo nikifumba macho naisikia ile baraza: chupa zikigongana vikapuni, watoto wakilia, kina mama wakipeana habari za nani kafa na nani kaolewa. Ningepewa nafasi ya kurudi mahali pamoja tu hapa duniani, ningerudi kwenye lile benchi.

Ninyi mnaosoma haya mmezoea dawa zilizofungwa tayari, kila moja na karatasi yake ya maelezo. Sisi hatukuwa na hayo. Miaka ile michache baada ya Uhuru, vidonge vilikuja kwenye makopo makubwa. Tulivihesabu juu ya sahani kwa kijiko bapa, tukavifunga katika karatasi tuliyoikunja wenyewe. Dawa ya maji, tuliyoiita mikscha, tuliichanganya asubuhi kwenye mtungi, na mgonjwa alikuja na chupa yake kutoka nyumbani. Asiyejua kusoma tulimchorea jua linachomoza, jua la utosini na jua linazama, naye akajua saa za kumeza.

Basi pale benchini alikuwapo mkulima mmoja wa Mtawanya, kiuno kimemshika kwa kupalilia mikorosho. Alimwambia jirani yake kwamba leo hakai sana, jioni kwa shemeji yake kuna uraka. Uraka ni kinywaji cha mabibo, yale matunda ya mkorosho, yakikamuliwa na kuachwa yachachuke. Zamu yake ilipofika nilimsikia Bwana Mfawidhi akimuuliza kama anakunywa pombe.

"Pombe? Mie sinywi pombe, Bwana. Toka nizaliwe."

Niliruka kutoka benchini kama mwenye kuumwa na siafu. "Bwana Mfawidhi, amesema jioni anakwenda kunywa uraka!"

Mkulima alinigeukia kwa mshangao wa kweli. "Sasa uraka ni pombe, dada? Uraka si maji ya mabibo?"

Bwana Mfawidhi alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akamweleza yule mzee taratibu kwamba kidonge alichoandikiwa ni kodeini, dawa ya maumivu iliyo ndugu wa mbali wa kasumba. Kinatuliza maumivu, lakini kinapunguza pia kasi ya pumzi. Na uraka nao unalaza. Wakikutana wawili hao, mtu anaweza kulala akasahau kuvuta pumzi. "Chagua mmoja," alimwambia. Mzee alifikiri kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda, kisha akachagua kidonge.

"Umeona?" Bwana Mfawidhi aliniambia baadaye. "Hakuniongopea. Mimi ndiye niliyeuliza vibaya. Huku usiulize pombe, uliza uraka. Usiulize dawa, uliza unachomeza. Na akikujibu, muulize: na nini tena? Akijibu tena, uliza tena. Usimpe kidonge mpaka aseme, 'Basi.'"

Hiyo ndiyo iliyokuwa elimu yangu ya pili, baada ya ile ya chuoni. Dawa ya maumivu, alikuwa akisema, ni mgeni; kabla hujamkaribisha, ujue nyumbani mna nani. Aspirini haielewani na mwenye vidonda vya tumbo, wala na mzee anayemeza dawa nyingine kali ya viungo, maana mbili hizo hukwangua tumbo hadi likatoa damu. Kodeini haielewani na chochote kinacholeta usingizi. Na morfini na pethidini, ambazo ni sindano za maumivu makubwa, zilikaa kwenye kabati la kufuli mbili, ufunguo mmoja kwake na mmoja kwa Muuguzi Mkuu. Muuguzi Mkuu alikuwa mama mnene mwenye sauti ya jeshi. Waganga wenyewe walimwogopa.

Kabati lile lilifunguliwa mara nyingi miaka ile. Ng'ambo ya Ruvuma kulikuwa na vita, na watu walivushwa mtoni wakiwa wamejeruhiwa, wengine wamekwisha kuchomwa sindano njiani na mtu aliyetaka kuwasaidia. Aliyechomwa alitakiwa awe na alama, kipande cha bandeji mkononi chenye maandishi. Bandeji nyingi zilidondoka majini. Muuguzi Mkuu hakukubali sindano ya pili mpaka amfunue mgonjwa kope. "Tazama mboni," alinifundisha, "hilo doa jeusi la katikati. Kasumba hulifinya likabaki kama ncha ya sindano. Halafu tazama kifua. Macho na kifua havihitaji karatasi." Nilijifunza kwa watu ambao sikujua hata majina yao. Nawakumbuka mno, kuliko wengi ninaowajua majina.

Nyumba nilipanga Rahaleo, kwa Bi Somoe. Alikuwa mjane, mfupi, mwenye vidole vyeusi kwa kubangua korosho, na mdomo usioazima maneno kwa mtu. Aliniita Mkristo wangu. Siku za Jumapili alinigongea mlango niamke: "Mkristo wangu, kengele hiyo, au Mungu wenu leo kapumzika?" Ramadhani nilipika futari pamoja naye, na Krismasi alinipigia kelele kwamba pilau langu halina uso. Mama yangu mzazi alikuwa Njombe, barua moja kwa mwezi. Aliyenijua nikiwa nimechoka, nimenuna au nimepata homa alikuwa Bi Somoe.

Alikuwa na kifafa tangu usichana. Kila jioni alimeza kidonge cha fenobabitoni, na kwa kidonge kile miaka ilipita bila kuanguka. Hakukiita dawa. Alikiita chumvi yake. "Dawa ni ya mgonjwa," alisema, "mie naumwa nini?" Nilimcheka, lakini nilijua kidonge kile ndicho kilichomtenga na moto wa jikoni, maana mwenye kifafa akianguka motoni hawezi kujiokoa.

Kisha nikahamishiwa zahanati ya Msimbati, karibu na mdomo wa Ruvuma. Mganga Msaidizi wa pale alikuwa kijana mpole aliyependa kuvua samaki kuliko kuandika cheti, na barabara ilikuwa mchanga mtupu. Lori likikwama, abiria mnashuka na kukata matawi. Nilikaa nikihesabu siku za kurudi Rahaleo. Nilikwenda kila nilipopata lifti, na Bi Somoe alinipokea kwa malalamiko kwamba nimekonda, hata nilipokuwa nimenenepa.

Safari moja nilifika mchana, nikakuta viatu vimejaa mlangoni. Viatu vingi mlangoni, kwa sisi tuliokaa pwani, ni msiba.

Hakukuwa na msiba. Bi Somoe alikuwa ameungua. Alikuwa akichoma korosho, na mafuta ya ganda, ambayo hula ngozi kama tindikali, yalimrukia mkono wa kulia mpaka kiwikoni. Hospitali walimsafisha, wakamfunga, na kwa kuwa Bwana Mfawidhi aliijua ile chumvi yake, aliandikiwa kodeini kidogo, jua linachomoza na jua la utosini tu, isije ikakutana na fenobabitoni ya jioni, ambayo nayo hulaza. Kila kitu kilikuwa sawa. Sasa alikuwa amelala, kina mama wamemzunguka.

"Shikamooni. Mama vipi?"

"Marahaba. Kapumzika, mwacheni," alisema Bi Fatu, jirani wa ukuta mmoja, huku akimpepea. "Tangu aungue hajapata usingizi. Leo Mungu kamjalia."

Nilimwita. Hakuitika. Nilimtikisa bega lisilo na bandeji, akaguna, akarudi kulekule. Alikoroma, kisha akanyamaza, na ukimya ule ulikuwa mrefu. Nilimfunua kope. Mboni ilikuwa ncha ya sindano.

Sikumbuki nilivyopiga kelele, ila wanasema nilipiga. Lori la ghala la korosho lilikuwa limesimama njiani. Tulimpakia na godoro lake. Nilimlaza ubavu ili ulimi usimzibe, na njia nzima nilimfinya sikio nikimwambia vuta, mama, vuta. Alikuwa akivuta ninapomwambia. Nilikuwa naogopa kunyamaza.

Hospitali, Mganga Mkuu, daktari wetu, aliagiza mtungi wa oksijeni papo hapo. Kisha akatugeukia. "Amemeza nini?"

Nilitaja kodeini ya hospitali na fenobabitoni. Akatikisa kichwa, alizipima akilini, akaona hazikutosha kumfikisha pale. Bwana Mfawidhi alikuwa amekwisha fika, koti halijafungwa vifungo. Aliwatazama wale kina mama waliopanda lori pamoja nasi.

"Na nini tena?" aliuliza.

Kila mmoja alitazama miguu yake.

Hapa lazima niwaeleze jambo, maana bila hili hamtaelewa. Mtaani kwetu mtu haendi kumjulia hali mgonjwa mikono mitupu. Mwenye unga alileta unga, mwenye yai alileta yai, na asiye na kitu alifungua sanduku akatoa dawa iliyobaki nyumbani kwake, ile iliyomponya yeye au mumewe. Aliyeletewa hakuiweka kando. Aliimeza mbele ya mgeni, kwa shukrani, kama unavyoonja chakula cha mwenzio. Kuiacha ni kumwambia: sikuamini. Na sasa wote mle chumbani walikuwa wameanza kuelewa, na hakuna aliyetaka kuwa yeye ndiye aliyemuua Bi Somoe.

Muuguzi Mkuu akafungua mdomo awakaripie. Bwana Mfawidhi alimzuia kwa mkono, jambo ambalo sijawahi kuliona tena. Akasema kwa sauti ya chini, "Dada zangu, hakuna aliyeleta sumu. Kila mmoja ameleta dawa, tena kwa mapenzi. Nataka tu kujua humo tumboni zimekutana zipi, ili daktari ajue anapigana na nani. Na nini tena?"

Bi Fatu alianza kulia. Akafungua pindo la kanga, akatoa chupa ya dawa ya kikohozi ya mumewe. Bi Somoe alikohoa kidogo asubuhi, akamnywesha. Bwana Mfawidhi alinusa, akamwambia Mganga Mkuu, "Hii nayo ina kodeini ndani."

"Na nini tena?"

Mwingine akatoa vidonge vyeupe alivyobakiza mwanawe alipong'olewa jino. Kodeini tena. Wa tatu alikuwa na vidonge vya mafua, vile vinavyokausha pua na kukulaza mchana. Wa nne alileta aspirini tu, akaitoa huku anatetemeka kuliko wote.

"Na nini tena?"

"Basi, Bwana," alisema Bi Fatu. "Wallahi, basi."

Mganga Mkuu sasa alijua. Walimfanyia waliyoyafanya, nami nikakaa kando ya kitanda nikitazama kifua. Niliahidi mambo mengi kwa Mungu wake na kwa Mungu wangu, maana sikujua yupi yuko zamu. Alasiri alifumbua macho, akanitazama kwa muda. "Mkristo wangu," alisema, "mbona umekonda?"

Nililia kwa aibu mbele ya wakubwa zangu wote.

Mnadhani mambo yaliishia hapo? Alipopata nguvu, Bi Somoe alitangaza kwamba hamezi tena kidonge cha aina yoyote, hata chumvi yake. Hapo Bwana Mfawidhi alikuja mwenyewe Rahaleo na baiskeli, akaketi kwenye mkeka.

"Bi Somoe, ukiiacha ghafla ile ya kifafa, kifafa kitarudi na hasira ya miaka yote. Huyo ni mwenyeji, si mgeni. Aliyekuangusha ni mkusanyiko."

"Basi niwafukuze wenzangu? Mtu kaja na alicho nacho, nimrudishie mkono wake? Siwezi, baba. Bora nife."

Alikuwa hatanii. Bwana Mfawidhi alifikiri, akitazama sinia la bati lililokuwa limeegemezwa ukutani na kawa lake, ule mfuniko wa ukili wa kufunikia chakula.

"Pokea," alisema. "Kupokea si kumeza. Weka kwenye sinia lile, funika. Huyu binti yako au mimi tutakuja kufunua."

Bi Somoe aliligeuza neno hilo mdomoni kama mwenye kuonja mchuzi. "Kupokea si kumeza," alirudia. Akasimama mwenyewe, na mkono wake ule wa bandeji, akalileta sinia katikati ya chumba.

Toka siku hiyo, mgeni akija na dawa, Bi Somoe alimshukuru kwa maneno matamu, akaiweka juu ya sinia na kulifunika kwa heshima, kama wali wa mkwe. Niliporudishwa hospitali ya mjini, kila alasiri ya Jumamosi nilifunua kawa mbele ya wageni wenyewe. Nilishika kimoja kimoja: hiki ni aspirini, na hiki chenye jina jingine ni aspirini ileile, usimeze vyote. Hiki ni cha usingizi, kisikutane na cha maumivu. Hiki kimeharibika kwa joto. Hiki sikijui, na nisichokijua hakimezwi, nitakipeleka hospitali. Hakuna aliyetukanwa. Bi Fatu ndiye aliyekuwa wa kwanza kuweka sinia kwake mumewe alipougua, na baada yake wengine, mpaka ukiingia nyumba yenye mgonjwa Rahaleo ukakuta kawa pembeni ya kitanda, unajua chini yake hakuna wali. Wakulima wa Mtawanya waliiga, nao wakaongeza lao: chupa ya uraka iliwekwa palepale ili ihukumiwe pamoja na vidonge.

Katikati ya miaka ya sabini nilipata uhamisho wa kwenda bara. Bi Somoe alinisindikiza mpaka kituoni, hakunitazama usoni. Alinipa mfuko wa korosho na kawa lake lililochakaa. "Sinia ni zito," alisema, "utajitafutia." Gari lilipoondoka alikuwa amenipa mgongo, anagombana na mpagazi asiye na kosa. Sikumwona tena. Bwana Mfawidhi naye alitangulia, na Bi Fatu ndiye aliyeniletea habari zote mbili za msiba, kwa mwandiko wa mjukuu wake.

Nimefanya kazi mahali pengi baada ya Mtwara. Nimepata vyeo, nimekuwa mfawidhi mwenyewe, nimewakalisha vijana benchini wakaninunia. Lakini mtu akisema neno kazi, mimi naona baraza ile na ninasikia harufu ya ganda la korosho. Sitaki kuwaambia zamani kulikuwa bora. Tulikosa dawa nyingi, na watu walikufa kwa maradhi ambayo leo yanatibika kwa wiki moja. Ninachokitamani si zamani. Ninawatamani wale watu.

Sasa niko Njombe, kwenye baridi, na magoti hayana adabu. Daktari ameniandikia dawa ya maumivu. Nina pia ya shinikizo la damu, na ya kulala. Majirani wanakuja na mikono yao. Nawashukuru, naweka kwenye sinia, nafunika kwa kawa la Bi Somoe. Wanadhani bibi amechanganyikiwa. Ningefunua mwenyewe, lakini maandishi ya siku hizi ni madogo na macho yamenikimbia, na hata ningekuwa na macho, mgonjwa hajiulizi mwenyewe akapata jibu zima.

Mwezi huu nilikwenda kuchukua dawa. Dirishani alikuwapo binti mdogo, ana kompyuta mbele yake, foleni nyuma yangu inaguna. Alisoma cheti, vidole tayari vinafikia pakiti. Kisha vikasimama. Akaniinulia macho.

"Bibi, nyumbani unameza nini kingine?"

Nilifungua pindo la kanga, nikamwaga dawa zote juu ya kaunta: zangu, za jirani wa juu, za mama mchungaji. Hakucheka. Alizitenga moja moja kwa kidole, akaziweka mbili kando, akaniambia kwa nini, na alikuwa sahihi.

"Na nini tena?" akauliza.

Nyuma yangu mtu alikohoa kwa kuchoka. Jibu nilikuwa nalo, neno moja tu: "Basi." Nikanyamaza, ili aniulize tena.